Niliapa hatagusa hata ndoo

Shikamoo Shangazi,

Usinicheke, nakuandikia kwa sababu ya mbuzi.

Nina miaka 43, nimeolewa miaka 17, tuna mtoto wa kiume wa miaka 14 na wa kike wa miaka 9. Miaka 4 iliyopita nilimbembeleza mume wangu tuhamie kwenye kiwanja chenye nafasi ili nifuge na kulima. Hakutaka. Amekulia kwenye mifugo, na husema utoto wake wote ulinuka zizi. Nilimwandama karibu mwaka mzima, mpaka jioni moja nikamwambia hivi: "Wewe nenda kazini, rudi, kula, lala. Naapa hutagusa hata ndoo." Ndipo akakubali.

Ahadi nimeitimiza. Leo nina mbuzi majike wawili wa maziwa, Mawingu na Sururu, kuku 22, na bustani ya matuta 12. Naamka saa 11 alfajiri. Nafungulia kuku, nabadilisha maji, nakamua, nachuja maziwa, natoa matandiko yaliyolowa, nakata majani, halafu ndiyo naamsha watoto. Mchana ni bustani: palizi, nyanya za kufunga kwenye miti, viwavi wa kuokota mmoja mmoja kwenye kabichi. Saa 11 jioni nakamua tena, na giza likianza kuingia nahesabu kuku na kufunga banda kwa komeo mbili, maana kicheche hangoji kualikwa. Jumapili ni hivyo hivyo. Nikiwa na homa ni hivyo hivyo.

Shangazi, kuna siku nayapenda maisha haya mpaka machozi yananilengalenga. Ile sauti ya maziwa ya kwanza yakigonga kitako cha ndoo tupu, halafu inavyozidi kuwa nzito ndoo ikijaa povu, sijui kama kuna kingine kinachonituliza vile. Lakini nimechoka. Nimechoka na siwezi kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyenilazimisha.

Wiki 3 zilizopita mama yangu alihitaji mtu wa kumsindikiza kwenye vipimo vya goti, mbali na hapa. Nikaondoka kwa siku 3, mara ya kwanza kulala nje ya nyumba yangu tangu tuhamie. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema, "Nenda, nitakamua." Usiku wake nikamwelekeza kama dakika 10 hivi, jinsi ya kubana chuchu juu kwa kidole gumba na cha shahada ndipo vidole vingine vifuate. Asubuhi ya safari nilikamua mwenyewe mbiombio. Kwenye kikombe cheusi ninachokamulia michirizi ya kwanza niliona vipande vidogo kama maziwa yaliyokatika, nikamwaga, nikakimbilia gari.

Niliporudi nilimkuta Mawingu amelala peke yake, hataki kula, upande mmoja wa kiwele umevimba, mgumu na wa moto. Mwanangu ndiye aliyeona kwanza. Siku ya pili alimwambia baba yake kuwa Mawingu anatembea ametanua miguu ya nyuma, baba yake akasema labda amechoka. Daktari wa mifugo alikuja akasema ni ugonjwa wa kiwele. Mbuzi amepona, lakini upande ule umekauka, hautoi tena kitu.

Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sipendi kuyarudia hapa, tena mbele ya watoto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Uza hao mbuzi, au usiniombe tena." Tangu siku hiyo tunaongea habari za ada na chumvi tu.

Sasa dada yangu amepiga simu. Mama atafanyiwa upasuaji wa goti wiki 6 zijazo, na baada ya hapo atahitaji mtu wa kukaa naye mwezi mzima. Mwaka jana dada ndiye aliyemuuguza. Anasema zamu hii ni yangu, na ni kweli. Lakini Sururu ana mimba, natarajia azae wiki 5 zijazo. Niliwapandisha kwa kupishana makusudi ili maziwa yasikatike nyumbani. Hakuna mtu mwingine anayeijua kazi hii. Nikienda nitarudi nikute mizoga. Nisipoenda nitamtazamaje mama? Na nikiuza, nitakuwa nimekiri kwamba mume wangu alikuwa sahihi tangu mwanzo, na miaka 4 yote ilikuwa ukaidi wangu.

Nifanye nini?

Aliyechoshwa na ndoto yake

*

Marahaba, mwanangu.

Sikucheki. Aliyewahi kutoka kitandani usiku kwenda kuhakikisha kama banda limefungwa, akarudi kulala, kisha akaamka tena kwa kuwa hakumbuki kama aliangalia komeo zote mbili, hana ubavu wa kukucheka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mgongano wa kalenda: mama atapasuliwa wiki ya 6, mbuzi atazaa wiki ya 5, na wewe ni mmoja. Mara ya pili nikaona kalenda ndilo jambo jepesi humo. Kuna mama anayekungoja, kuna mume mliyenuniana naye, kuna mbuzi aliyepoteza upande mmoja wa kiwele, na chini ya yote kuna mtu ambaye hajajipa ruhusa ya kuchoka kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Hilo la mwisho nalianza mimi, maana naona ndilo linalokubana koo. Mama aliyemtafuta mtoto kwa miaka 10 naye hukesha, tena hukesha akilalamika, na hakuna anayemwambia amrudishe alikomtoa. Umechoka kwa sababu umekamua mara 2 kwa siku, siku zote 7, bila mtu wa kukupokea. Hata aliyeajiriwa kwa kazi hiyo angeomba likizo. Uchovu huo unaeleza mpangilio wa kazi. Kama unaeleza pia ndoto yenyewe, sijui, na nadhani hata wewe hutajua mpaka ulale vizuri wiki nzima.

Sasa nivumilie niguse penye kidonda. Umeandika, tena kwa mbio kama ulivyofanya asubuhi ile, kwamba uliona vipande kwenye kikombe cheusi ukamwaga. Mwanangu, kile kikombe tunakishika kila asubuhi kwa ajili ya kuvitafuta vipande hivyo hivyo. Ugonjwa wa kiwele huletwa na vijidudu vinavyopenya kwenye tundu la chuchu, na mara nyingi huwa umeshaanza ndani kabla uvimbe haujaonekana nje. Sisemi mume wako hakuchangia. Kiwele kikiachwa na maziwa, vijidudu hupata pa kustawi. Lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba ulipomkabidhi ndoo, ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Na kuna jambo jingine: mbuzi aliyezoea mikono yako miaka 4, akishikwa ghafla na mikono migeni, hushtuka, na mnyama aliyeshtuka huyazuia maziwa yasishuke. Mtu aliyekaa pale chini huona hayatoki, akadhani yameisha, akainuka.

Sitaki kuitoa lawama begani kwake niipakie begani kwako. Ulikuwa na gari la kuwahi na mama wa kumfikiria, na nani kati yetu hajawahi kumwaga kikombe akajiambia ni vumbi tu? Ninauliza swali moja: mume wako anajua kuhusu vile vipande? Kama hajui, basi kwa wiki 3 amebeba kosa zima peke yake, na huenda hiyo ndiyo sauti uliyoisikia aliposema usimwombe tena. Wewe umeisikia kama amri. Inawezekana ilikuwa aibu. Wanaume wengi aibu yao hutoka imevaa nguo za hasira, ingawa huyu wako simjui, unamjua wewe.

Kisha kuna kile kiapo. Nimekizunguka sana akilini. Uliapa hatagusa hata ndoo, na wakati ule kilikuwa ndicho kilichowafungulia lango. Lakini angalia kilichofanya baadaye. Kimekunyima haki ya kuomba msaada, na kimemnyima yeye nafasi ya kuingia zizini bila kualikwa. Miaka 4 amekaa kama mgeni nyumbani kwake. Na siku mama yako alipohitaji mtu, ni nani aliyekivunja? Ni yeye, kwa mdomo wake: "Nenda, nitakamua." Mtu aliyesema utoto wake ulinuka zizi alijitolea kurudi zizini kwa ajili yako. Hilo limepita kwenye barua yako kwa mstari mmoja tu, nami nimesimama hapo kwa muda mrefu.

Halafu ukamwelekeza kwa dakika 10. Amekulia kwenye mifugo, mwanangu! Uliwahi kumuuliza alikuwa akifanya nini huko? Labda hakuwahi kukamua, labda alikuwa wa kuchunga na kuzoa samadi tu. Labda alikuwa akiamshwa saa 11 alfajiri, na ndiyo maana hataki hata kuisikia saa hiyo. Au labda anajua mambo ya mbuzi ambayo wewe hujafika. Naona kama mmeishi na mifugo miaka 4 bila mazungumzo hayo kufanyika.

Unaniambia hakuna mwingine anayeijua kazi hii. Wewe ulijifunza kwa muda gani mpaka mikono ikazoea? Siamini ilikuwa dakika 10. Na aliyegundua kuwa Mawingu anatembea ametanua miguu ni nani? Ni kijana wa miaka 14 ambaye, nikikuelewa vizuri, si mwenye kazi. Hilo ni jicho la mfugaji. Wako watu wazima wanaofuga miaka mingi na huona mbuzi mgonjwa pale tu anapoanguka. Nakuuliza kwa upole, na ukinikasirikia nitaelewa: je, hakuna anayejua, au hakuna aliyeachiwa akosee mbele yako? Kumfundisha mtu kukamua kuna mateso yake. Inabidi usimame, mikono umeifunga nyuma, uangalie maziwa yakimwagikia kiatu, na usiseme kitu.

Tuje kwenye zile wiki 6, maana huko nako kuna njia zaidi ya zile mbili ulizoniandikia.

Mawingu kwanza. Kwa kuwa amebaki na upande mmoja, muulize daktari wa mifugo kama yuko tayari kukaushwa, yaani kuachishwa kukamuliwa mpaka maziwa yakatike. Mbuzi aliyekaushwa anahitaji majani, maji na kuangaliwa, hahitaji ndoo asubuhi na jioni. Nyumba itakosa maziwa kwa muda, na wewe uliyepanga wapishane ili yasikatike litakuuma. Lakini mpango huo huo wa kupishana ndio uliokufungia lango. Wawili wakipandishwa kipindi kimoja, mtakaa miezi kama 2 bila maziwa kabla hawajazaa, na katika miezi hiyo hiyo mtu anaweza kusafiri. Hayo ni ya mwaka ujao, ila yaweke akilini.

Sururu ndiye mgumu. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, lakini hasomi kalenda. Anaweza kutangulia au kuchelewa siku kadhaa. Huenda akazaa ukiwepo, huenda akakungoja uondoke. Akizaa ukiwepo, kuna njia ambayo wafugaji wengi hutumia: waache watoto wanyonye mchana na usiku, wasitengwe. Wao ndio watakaokamua. Kazi ya binadamu inabaki kulisha, kusafisha, na kupapasa kiwele kila siku kuona kama pande zote mbili zinanyonywa sawa. Ubaya wake nakueleza mapema: watoto wanaokulia kwa mama bila kushikwashikwa na watu huwa waoga, na kama Sururu ni wa maziwa mengi akazaa mtoto mmoja tu, mtoto hatayamaliza, kiwele kitajaa, na mtu atalazimika kukamua yanayobaki. Kwa hiyo mtu mmoja anayejua kukamua bado anahitajika nyumbani, angalau kwa tahadhari.

Je, mtu huyo anaweza kuwa jirani au kijana wa kulipwa? Anaweza. Hatari yake ni usafi, kwani ukitoka kwenye balaa la kiwele hutaki mikono inayopita mabanda matano bila sabuni. Ukichagua njia hii, aanze sasa, wewe ukiwepo, wala usingoje wiki ya safari. Mbuzi naye amzoee.

Kuku sina wasiwasi nao sana. Wanataka maji safi, chakula, mayai yaokotwe, na mtu asiyesahau mlango magharibi ikiingia. Binti wa miaka 9 anaweza kuwahesabu mpaka 22, ila komeo ya mwisho aifunge mtu mzima.

Bustani nayo ina subira kuliko unavyodhani. Tandaza majani makavu unene wa kiganja kwenye matuta yaliyo wazi, unyevu utakaa na magugu yatapungua. Nyanya chache zitaoza, viwavi watajilia kabichi. Utarudi, utakasirika siku moja, utapanda tena. Samadi ya kuku irundikwe kando iive, mtu asije akaimwaga mbichi kwenye miche kwa nia njema, itaiunguza. Waandikie hilo kwa herufi kubwa.

Upande wa mama pia una maswali. Ule mwezi lazima uwe mfululizo na lazima uwe wako peke yako? Siku za mwanzo baada ya upasuaji wa goti ndizo nzito, mgonjwa hawezi hata kwenda msalani bila kushikwa. Baadaye kazi kubwa ni mazoezi na kumtia moyo ayafanye. Dada akikubali kugawana, hata kama zamu ni yako, si dhambi kumuuliza. Au mama aje kwako? Hilo lina raha yake na lina tope lake: kiwanja chenye mbuzi na kuku wanaokatiza miguuni si mahali pa mtu anayejifunza kutembea na mkongojo, tena kliniki iko mbali. Mpime mwenyewe.

Na kuuza? Sikukatazi. Watu wengine waliuza mbuzi wakabaki na kuku na bustani, wakapata tena usingizi na mume. Wengine waliuza na kila wakisikia mbuzi wa jirani analia saa 11 jioni mikono inawawasha. Ila nina mambo mawili ya kukuomba uyatazame. Sururu amekaribia kuzaa, na kumpakia mbuzi mwenye mimba kubwa kwenye gari, kumpeleka kwa mtu na zizi asilolijua, ni kumtia taabu yeye na aliye tumboni. Jingine ni yale maneno uliyoandika, kwamba kuuza ni kukiri mume wako alikuwa sahihi. Hapo hapana mbuzi, mwanangu. Hapo pana kesi ya miaka 5 ambayo bado mnaisikiliza, na mbuzi wameletwa kama mashahidi. Ukiuza kwa sababu huwataki tena, ni sawa. Ukiuza ili kesi iishe, au ukiwang'ang'ania ili usishindwe, sijui kama utapumzika.

Ningekuwa karibu ningekuja nikae na kigoda mlangoni mwa banda lako jioni moja. Kwa kuwa niko mbali, labda nafasi hiyo impate yeye. Usimwite kukamua. Mwambie tu kuhusu kikombe cheusi, ulichokiona na ulichofanya, halafu mwache aseme au anyamaze. Na hayo maneno uliyoyasema mbele ya watoto, kuna watoto wawili waliosikia ya kwanza na hawajasikia ya pili.

Sururu akizaa ukiwepo, mpe mwanao yule chupa ya aidini achovye kitovu yeye, wewe shika taa tu. Kitoto kinyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, mapema, saa zile za kwanza. Halafu uniandikie wamezaliwa wangapi, na nani aliyekuwepo.

Shangazi